Kaya Namba 212

Watu wa Kitendaguro walimwita Ma Alistidia wa Mashine. Walipomwona akishuka kwenda mjini na mwavuli wake mweusi, walinong'onezana kwamba yule mwanamke anazungumza na kioo. Hawakukosea sana. Mwaka 1993 alikuwa na nani mwingine wa kuzungumza naye? Ndugu zake wote wanne walikuwa wamelala chini ya migomba kule Kishanda, mama yao kando yao, na nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na kaka yake mkubwa ilikuwa na kitanda kimoja tu kilichotandikwa.

Alizaliwa hukohuko Kishanda, katika kibanja cha migomba na mibuni, kwenye familia ya Kikatoliki isiyokosa misa. Masista walimfundisha hesabu, hesabu zikampeleka Dar es Salaam, na shirika moja la umma likamfungia katika chumba chenye baridi pamoja na kompyuta kubwa kama makabati matatu. Vita vya mwaka 1978 alivisikia redioni akiwa humo. Kaka yake wa pili alikwenda vitani akarudi mzima, wakachinja mbuzi, wakacheza ngoma. Watu walidhani yamekwisha. Kumbe kifo kilikuwa hakijaanza kazi. Mwaka 1986 Alistidia aliomba likizo ya mwezi mmoja aje kumuuguza dada yake, na likizo hiyo haijaisha mpaka leo.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Byabato, kitinda mimba, mnunuzi wa sangara visiwani. Huko ziwani aliishi na mwanamke wa Kisukuma bila ndoa ya kanisa wala mahari. Alipozikwa mwaka 1989, mwanamke huyo alikuja msibani na mtoto mchanga mgongoni, akakaa nyuma kabisa karibu na jiko. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo waliuliza kama kuna mtu anayemtambua huyu kuwa mke wa marehemu. Alistidia alimtambua. Byabato alikuwa amemwandikia Alistidia barua mbili akimsifu mwanamke huyo, bila kumtaja jina. Lakini mbele ya wazee wale aliinamisha uso akahesabu nyasi zilizotandikwa sakafuni, na kesho yake alfajiri mwanamke akaondoka na mtoto wake. Hakuna aliyemwuliza hata jina. Kwenye ukoo alibaki kuitwa "yule Msukuma," na Alistidia naye alimwita hivyohivyo, Mungu amsamehe.

Mwaka uliofuata mradi mmoja wa kusaidia yatima ulifungua ofisi mjini Bukoba, ukamwajiri. Kompyuta ililetwa na fundi wa Kidenishi, mtu mwema mwenye soksi ndefu, ambaye badala ya kuweka mfumo endeshi unaotumiwa na watu wote, aliweka wake alioupenda. Watumiaji wake duniani kote hawakufika elfu moja, na kampuni iliyoutengeneza ilikuwa imeshafungwa. Aliupenda kama mtu anavyompenda mbwa wake mbaya. Kisha mkataba wake ukaisha, akapanda meli kwenda Mwanza na kwao, akamwachia Alistidia anwani, vitabu viwili na yule mbwa wa mfumo.

Kazi yenyewe ilikuwa orodha. Kila kaya yenye mgonjwa wa ukimwi ilipewa namba. Mwandishi wa kijiji alijaza fomu: kiongozi wa kaya, watoto, na jina la mtu atakayewachukua watoto mzazi akifa. Jovita, mpiga chapa, aliiingiza fomu kwenye kompyuta, na Ijumaa fomu zote zilichomwa moto nyuma ya ofisi. Mradi uliahidi siri, na siri ilikuwa jambo la kufa na kupona. Miaka ile, mama akijulikana yuko kwenye orodha hiyo, ndizi zake zilimwozea sokoni.

Kiongozi wa kaya akifariki, kilikuja kikaratasi cha njano chenye namba tu, na kaya hiyo ilifutwa. Matanga yakishaanuliwa na ukoo ukishagawana watoto, mwandishi alikwenda kuona nani kamchukua nani, akajaza fomu mpya. Kabla ya hapo haulizi mtu. Kumwuliza Mhaya habari za watoto wakati watu bado wamelala chini msibani ni kukosa adabu, na waandishi wote walikuwa watu wenye adabu.

Ijumaa moja ya Aprili 1992 Jovita alikuwa nyumbani anaumwa, na vikaratasi vya njano vilikuwa kumi na tisa. Alistidia alivichukua mwenyewe. Namba, futa, thibitisha. Namba, futa, thibitisha. Cha kumi na moja kilikuwa 212. Alimaliza vyote kabla chai haijapoa.

Novemba alikuja Mwijage, katekista wa Kagoma, aliyepokea kazi ya uandishi baada ya mwenzake Pastory kufariki. Alisimama mlangoni akidondosha maji ya mvua.

"Ma Alistidia, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "nina jambo linanikosesha usingizi."

"Karibu ndani, Ta Mwijage. Jambo gani?"

"Ile 212 ya Aprili. Sijaleta fomu mpya mpaka leo."

"Miezi saba? Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja waanue matanga." Alivua kofia akaikunja. "Kumbe hayakuwekwa. Marehemu alikuwa mgeni, muuza dagaa, amezikwa na mwenye nyumba na majirani wawili, basi. Mimi nakaa kwangu nangoja siku ya kuanua, na hakuna kilichotandikwa. Juzi nimekwenda, nimekuta chumba kina mpangaji mwingine."

"Alikuwa na watoto?"

"Mmoja. Skolastika, wa miaka mitatu au minne. Wanasema alichukuliwa na watu wa mitumbwi. Mama yake aliitwa Minza Mayenga. Baba alikuwa mnunuzi wa sangara, wa upande wa Kishanda, marehemu Byabato."

Mwijage hakujua anamwambia nani. Alishangaa tu kuona mama wa mashine amekaa chini ghafla na mkono mdomoni. Kwa hiyo yule Msukuma aliitwa Minza. Na mtoto wa Byabato, damu pekee iliyobaki ya nyumba yao, alikuwa amefutwa kwa vidole vya shangazi yake mwenyewe, siku ya Ijumaa, chai ikiwa moto.

"Minza alimtaja nani wa kumchukua?" aliuliza.

"Fomu ile aliandika Pastory, siyo mimi."

Na Pastory alikuwa kaburini. Jovita aliyeiingiza fomu alizikwa Julai. Fomu ilikuwa majivu, disketi ya akiba iliandikwa upya kila Ijumaa juu ya ile ya zamani, na ndani ya mashine baada ya 211 ilifuata 213, tena zimekaa karibu karibu kama kwamba hapakuwahi kuwa na mtu katikati yao.

Januari alikwenda kumtafuta. Alipanda boti ya injini na wanunuzi wa dagaa mpaka kisiwa cha Bumbire kwa wale watu wa mitumbwi, akaulizia watu wa Mayenga, akaelekezwa kwa Mashauri, kaka yake Minza, aliyekuwa anageuza dagaa mchangani. Hapo ndipo moyo wake ulipomwangusha mara ya pili. Alikuwa amepanga kusema yeye ni nani. Lakini akiisha kusema, swali litakalofuata linajulikana: ulikuwa wapi siku ukoo wako ulipomtimua dada yangu? Basi akatoa kitambulisho.

"Natoka mradi wa yatima, Bukoba. Tunamtafuta mtoto wa marehemu Minza."

Mashauri alikitazama kitambulisho, akamtazama na yeye. "Mtoto hayupo hapa, mama. Alikwenda Mwanza."

"Kwa nani?"

"Mwanza," alisema Mashauri, akaendelea kugeuza dagaa.

Alirudi mikono mitupu. Wiki hiyohiyo alimwandikia barua yule Mdenishi, barua ndefu isiyo na adabu ya kutosha, akimwuliza ni mashine gani ya kipumbavu isiyokumbuka ilichokuwa inajua jana. Jibu lilichukua wiki saba. Ipo programu, aliandika, inayotunza matoleo yote ya faili: kila badiliko, limefanywa na nani, lini na kwa sababu gani, na ukitaka faili la mwaka juzi inakutolea lilivyokuwa. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mifumo mingine. Ndani ya bahasha zilikuwemo disketi tano zenye msimbo wake, na neno la mwisho: itabidi uihamishie mwenyewe.

Alijua vizuri kwamba programu hiyo isingemrudisha Skolastika. Inatunza tangu siku unapoiweka, si nyuma ya hapo. Ila alikuwa mwanamke mwenye kiburi na huzuni nyingi, na mtu wa aina hiyo akishindwa kukirudisha kilichopotea, anakula kiapo kwamba hakitapotea cha pili.

Jenereta la mradi liliwaka saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Kila siku, kazi ya orodha ikiisha, Alistidia alibaki na msimbo ule. Mara ya kwanza mashine ilipojaribu kuutafsiri ilitema makosa mia tatu na zaidi, akayachapa yote, akayabeba nyumbani chini ya mwavuli kama mtu abebaye matokeo ya hospitali.

Tatizo halikuwa programu yenyewe tu. Programu ilihitaji nyingine ya kulinganisha mafaili mawili na kuonyesha yanapotofautiana. Hiyo nayo ilihitaji maktaba ya kutafuta maneno, na maktaba ilidai kukopa kumbukumbu ya mashine kwa namna ambayo mfumo ule haukuijua kabisa. Kila alipofungua mlango alikuta mlango. Ikabidi aanzie chini: aandike mwenyewe kile kipande cha kukopea kumbukumbu, juu yake aisimamishe maktaba, juu ya maktaba kilinganishi, ndipo afikie alichokuwa anakitaka. Majina ya mafaili yalikataa kuzidi herufi kumi, na programu ilipenda majina marefu, hivyo aliyafupisha moja baada ya jingine na kuandika kwenye daftari lipi ni lipi. Mfumo haukujua hata kubadilisha jina la faili kwa hatua moja. Ilitakiwa kunakili kwanza, kisha kufuta lile la zamani, na umeme ukikatika katikati umepoteza yote mawili. Hilo lilimchukua mwezi na nusu.

Hapakuwa na wa kumwambia. Siku kilinganishi kilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, kikampa mistari miwili tofauti kati ya mafaili mawili kama inavyotakiwa, alisimama akapiga makofi peke yake. Mlinzi alichungulia dirishani.

"Kuna nini, Ma?"

"Kimelinganisha!"

"Tunashukuru Mungu," alisema mlinzi kwa upole, akarudi kwenye benchi lake. Alistidia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakusikia amri. Angekuwepo Byabato angemtania wiki nzima, na hakuna kitu alichokitamani zaidi siku ile kuliko kutaniwa.

Novemba 1993 programu kuu ilikubali kuwaka, ila ilikuwa na ugonjwa. Ilipotunza toleo, iliacha ndani ya faili pengo lililopaswa kuwa tupu, na kila mara ikilisoma pengo hilo ilianguka. Kwenye mifumo mingine, programu ikiruka mbele ndani ya faili, sehemu iliyorukwa hujazwa sifuri. Alianza kushuku kwamba huu wake haujazi kitu. Unatwaa tu eneo lolote la diski lililo wazi na kulikabidhi lilivyo, pamoja na mabaki ya mwenye nalo wa zamani aliyefutwa. Ili apate hakika, aliamuru mashine ichape pengo lote, herufi kwa herufi.

Kichapishi kilikwaruza kwa dakika kumi. Alama za ovyo, nukta, mabano, alama za ovyo tena. Kisha, katikati ya ukurasa wa nne, yakatoka maneno.

*212 MINZA MAYENGA KAGOMA MTOTO 1 SKOLASTIKA AKIFA KOKUBERWA SHANGAZI BUKOBA MJINI*

Alisoma. Akasoma tena. Akaweka kidole juu ya neno moja.

Kokuberwa alikuwa ni yeye. Lilikuwa jina lake la nyumbani, alilopewa siku ya kutolewa nje akiwa mchanga, na ofisini hakuna aliyelijua. Jovita alilipiga chapa bila kujua anamwandika mtu wa meza ya pili. Waliokuwa wakimwita hivyo wote walikuwa Kishanda chini ya migomba, na miaka minne ilikuwa imepita tangu alipolisikia mara ya mwisho kinywani mwa mtu. Byabato ndiye aliyemfundisha mkewe. Na mwanamke yule aliyeketishwa karibu na jiko, aliyeondoka alfajiri bila kuulizwa jina lake, alikuwa anajua jina la Alistidia, na katika dunia nzima hilo ndilo alilolichagua.

Uchungu ulimpanda mpaka akashindwa kukaa. Alizima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa kumi na mbili, akakunja ule ukurasa wa nne, akautia kifuani. Dawa ya lile pengo aliijua tayari, mistari sita tu ya msimbo. Iliandikwa Desemba, na programu ilitunza orodha ya yatima kwa miaka mingi baadaye. Lakini siku hiyo hakuiandika.

Boti ilifika Bumbire kesho yake adhuhuri. Mashauri alikuwa palepale, kama vile dagaa wa Januari hawajakauka bado.

"Mama wa mradi," alisema. "Nilishakwambia, Mwanza."

"Sijaja kwa mradi. Mimi ni Kokuberwa. Dada yake Byabato."

Mashauri aliacha kugeuza dagaa. Alijifuta mikono kwenye kaptura, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mbona mara ile hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu." Alilirudia neno hilo kama anayelionja. "Dada yangu aliniambia: mtoto asipewe mtu yeyote, wa serikali wala wa kanisa, ila Kokuberwa. Nikamwuliza, huyo Kokuberwa nitampataje, Bukoba ni kubwa? Akasema hakuna haja ya kumtafuta. Jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya mradi, na mtu akifa wanaisoma karatasi. Atakuja mwenyewe. Tukangoja. Mvua za kwanza zikapita, za pili zikapita. Kila boti ikitia nanga mtoto anakimbilia mwaloni kuangalia. Mwisho tukasema basi, amesoma, amekataa. Si ndugu zake walikwishakataa?"

Angeweza kumweleza. Angeweza kumtajia vikaratasi kumi na tisa, na Jovita aliyekuwa anaumwa, na Mwijage aliyengoja matanga yasiyokuwepo, na mfumo usiojaza sifuri. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lilikuwa na mkosaji wake.

"Sikukataa," alisema. "Nilifuta. Nilifuta bila kusoma."

Wanawake waliokuwa jirani waliacha kazi wakatazama. Mashauri aligeuka akaita kuelekea vibandani.

Akatoka mtoto wa kike mwenye beseni la dagaa kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Alikuwa na paji la uso la Byabato, pana, lenye ukaidi, na namna yake ya kusimama akiwa ameegemea mguu mmoja. Alistidia alilazimika kuushika mpini wa mwavuli kwa mikono yote miwili ili asimkimbilie.

"Skola, huyu ndiye Kokuberwa," alisema Mashauri.

Mtoto alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia viatu vya mjini mpaka kitambaa cha kichwa. Hakutabasamu wala hakuogopa. Alimgeukia mjomba wake.

"Ndiye yule aliyekataa?"

Alistidia alikaa chini mchangani, na nguo zake nzuri, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Ndimi," alisema. "Kamalizie kwanza dagaa wako. Mimi nitakungoja."